Shahada ya sayansi na ualimu, GPA 3.4: njia ya kufika uzamili wa fizikia ni ipi?

Prizima_ya_Kioo:

Wakuu, heshima kwenu. Nina shahada ya kwanza ya sayansi na ualimu, masomo ya kufundishia Fizikia na Hisabati, miaka 3, GPA 3.4 kwa mizani ya 5. Advansi nilisoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati). Nataka uzamili wa fizikia yenyewe, si wa elimu, halafu uzamivu. Moyo wangu uko kwenye fizikia ya yabisi, hasa vifaa vya seli za sola.

Je, GPA hiyo inanifungia udahili hapa nyumbani Tanzania? Shahada ya ualimu ni kikwazo? Na kwa nje niangalie wapi kwanza, maana ada siwezi kujilipia. Niongeze kwamba kozi moja ya sumakuumeme niliipata kwa sapu, yaani mtihani wa marudio.

Mzani_wa_Yabisi:

Karibu, mkuu. Tuanze na GPA kwa sababu ndiyo nyepesi. Kwa mizani ya 5, daraja la kwanza ni 4.4 hadi 5.0, la pili la juu 3.5 hadi 4.3, la pili la chini 2.7 hadi 3.4. Kiwango cha kawaida cha kuingia uzamili huanzia 2.7, kwa hiyo kwa udahili wa nyumbani umevuka. Unapobanwa ni kwenye ufadhili. Matangazo mengi yanataka daraja la pili la juu, na wewe umelikosa kwa 0.1.

Kazi kubwa iko kwenye orodha ya kozi zako. Shahada ya miaka 3 hapa kwetu ina krediti 360 na kuendelea. Aliyesoma fizikia tupu alizimalizia nyingi kwenye fizikia. Zako zimegawanywa kati ya fizikia, hisabati na upande wa ualimu pamoja na mazoezi ya kufundisha. Idara ikipokea transkripti yako itatafuta kozi nne: mekanika ya kiwango cha Lagrange na Hamilton, sumakuumeme mpaka milinganyo ya Maxwell na mawimbi yake, mekanika ya kwanta, na thamodinamiki pamoja na fizikia ya takwimu. Kwako ningeongeza utangulizi wa fizikia ya yabisi, kwa kuwa ndiko unakoelekea. Ukikosa mojawapo, hiyo ndiyo sababu ya kukataliwa, hata kama barua ya majibu itasema tu kwamba nafasi zimejaa. Kwa upande mwingine, hisabati uliyosoma ni mtaji. Milinganyo tofautishi, aljebra ya mstari na namba changamano ndizo zinazowaangusha wengi muhula wa kwanza wa uzamili.

Kaa na transkripti, chora safu nne: jina la kozi, krediti, gredi, mada zilizofundishwa. Kisha kokotoa GPA ya kozi za fizikia peke yake. A ni 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Zidisha kila gredi kwa krediti zake, jumlisha, gawa kwa jumla ya krediti. Tuseme una krediti 12 za A, 36 za B+, 24 za B na 12 za C. Hiyo ni 60 + 144 + 72 + 24 = 300, gawa kwa 84, unapata 3.57. Ikiwa namba yako ya fizikia imepita ile ya jumla, iandike kwenye barua ya maombi kwa sentensi moja na uambatishe jedwali la hesabu. Ikiwa iko chini, usiitaje, ila ujue ni wapi pa kuziba.

Halafu jipime bila huruma. Elektroni imo ndani ya kisanduku cha mwelekeo mmoja chenye upana L. Ukiuongeza upana maradufu, nishati ya hali ya chini kabisa inakuwaje? Nusu dakika inatosha: E = n²h²/8mL², basi inashuka mpaka robo. Hilo ni la kupasha misuli. Lenyewe hasa ni hili: chukua mlinganyo wa Schrödinger wa atomu ya haidrojeni, utenganishe mwenyewe kwa mkono sehemu ya umbali na sehemu za pembe, ufike kwenye nishati za −13.6/n² eV. Ukikwama katikati, kwanta yako bado ni ya utangulizi. Miezi mitatu ya kukaa nayo kila siku itakufaa kuliko kulipia fomu za vyuo vitano.

La mwisho kwangu: kabla hujalipa ada ya maombi, mwandikie mkuu wa idara na umwambatishie lile jedwali. Muulize kitu kimoja: je, naweza kudahiliwa kwa sharti la kusoma kozi mbili za shahada ya kwanza katika mwaka wa kwanza? Ziko idara zinazokubali, lakini sharti hilo linarefusha masomo na lazima uliweke kwenye bajeti.

Neutrino_Huru:

Naongezea upande wa ufadhili kamili, ndugu Prizima, nikianza na pa karibu.

Kigali kuna Taasisi ya Afrika Mashariki ya Utafiti wa Msingi, watu huiita EAIFR, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Ilianza 2018 ikiwa mshirika wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia, na inatoa uzamili na uzamivu wa fizikia. Kwa mwenye shahada ya miaka 3 kutoka Tanzania, hapo ni mahali pa kutazama mapema kabisa.

Trieste kwenyewe, ICTP ilianzishwa 1964 na Abdus Salam, yule mwanafizikia wa Pakistan aliyepata Nobel mwaka 1979. Tangu 1991 wana Diploma ya mwaka mmoja kwa vijana wa nchi zinazoendelea, na fizikia ya yabisi ni mojawapo ya matawi yake. Ufadhili unagharamia safari na kujikimu, na fomu haina ada. Lakini soma hapa polepole: kinachotolewa ni diploma ya kukuandaa kwa uzamivu, *si* shahada ya uzamili. Atakayeendelea moja kwa moja na uzamivu Ulaya au Marekani hana hasara. Atakayerudi kuomba kazi chuoni ambako tangazo linadai uzamili, atajikuta na mwaka mgumu sana ambao kwenye fomu ya ajira hauna kisanduku cha kuujazia.

Jambo jingine, na wengi hulikosea: pande zote mbili hizo zimeegemea nadharia na hesabu za kompyuta. Kama ndoto yako ni kutengeneza tabaka nyembamba za seli za sola maabara na kuzipima, mahali pako ni idara yenye mitambo hiyo, na Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) kuna historia ndefu ya kazi ya namna hiyo. Usiandike kwenye maombi ya ICTP kwamba unataka kujenga seli. Msomaji ataona hukusoma maelezo ya programu.

Ukichagua upande wa hesabu, kuna zoezi linaloonekana vizuri kwenye maombi na halihitaji fedha. Sakinisha Linux, pakua Quantum ESPRESSO (programu ya kukokotoa tabia ya elektroni ndani ya yabisi; ni bure, na chimbuko lake ni hukohuko Trieste), halafu kokotoa silikoni kwa kutumia PBE, mojawapo ya makadirio yanayotumika kwenye hesabu hizo. Urefu wa upande wa seli ya fuwele utakuja karibu angstromu 5.47, wakati kipimo cha maabara ni 5.43. Pengo la nishati litakuja karibu 0.6 eV, wakati halisi kwa joto la kawaida ni 1.12. Usidhani umekosea kuandika faili. PBE hupunja pengo la nishati kwa asili yake, na kwa mtu wa sola pengo hilo ndilo linaloamua mwanga gani unafyonzwa. Anayeweza kueleza hilo kwa aya moja, akaambatisha mchoro wake, amejitenga na rundo la walioandika tu kwamba wanaipenda fizikia tangu utotoni.

Afrika Kusini nako kuna nafasi, ila mfumo wao una ngazi ya *Honours* ya mwaka mmoja kati ya shahada ya miaka 3 na uzamili. Mara nyingi shahada yetu huingizwa kwenye ngazi hiyo kwanza. Panga miaka 3, si 2, na uanze mapema kuthibitishiwa vyeti na SAQA, mamlaka yao ya kutambua vyeti.

Pembe_Hasi:

Mimi nazungumzia Marekani na Ujerumani, kwa sababu huko watu hupoteza fedha kwa kutojua.

Marekani, idara za fizikia kwa kawaida hupokea wanafunzi wa uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, na aliyedahiliwa hulipiwa ada na kupewa posho kwa kufundisha maabara au kufanya utafiti. Ndiyo maana usiombe uzamili huko: programu hizo mara nyingi hazina ufadhili. Kizuizi kwako ni shahada ya miaka 3, kwani baadhi ya vyuo vinataka 4. Ulizia kwa barua pepe kabla ya kulipa. Ada ya fomu moja inaweza kupita dola 75, na vyuo vingi vina utaratibu wa kusamehe ada ukiomba kabla ya kuwasilisha, ukishalipa hairudi.

Mtihani wa GRE wa Fizikia umeacha kuwa lazima katika idara nyingi, lakini kwa mwenye shahada ya ualimu alama nzuri ni ushahidi mzuri kwamba fizikia ipo. Tangu Septemba 2023 unafanywa kwenye kompyuta, maswali takriban 70 kwa saa 2, alama 200 hadi 990. Mekanika ni asilimia 20, sumakuumeme 18, na kwanta nayo imo. Jibu lisilo sahihi halikatwi alama, basi usiache swali wazi. Tarehe nyingi za mwisho huangukia katikati ya Desemba, na ukipata nafasi yenye ufadhili, vyuo vingi vimekubaliana kutokudai jibu kabla ya Aprili 15.

GPA yako iandike 3.4/5.0 kama ilivyo. Usiigeuze mwenyewe kwenda mizani ya 4. Ukikosea inaonekana kama udanganyifu, na wana watu wao wa kuigeuza.

Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, isipokuwa jimbo la Baden-Württemberg linalotoza wanafunzi wa nje ya Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na vyuo vichache kama TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Munich. Tatizo ni akaunti ya viza, yaani fedha za kujikimu unazotakiwa kuziweka benki kabla ya kupewa viza, kwa asiye na ufadhili: tangu Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka. Na idara zao huhesabu krediti za fizikia moja moja. Kwa shahada iliyogawanywa kama yako, pale panakuwa pagumu kweli. Ningeiweka mwisho wa orodha.

Prizima_ya_Kioo:

Nawashukuru sana. Nimekokotoa: fizikia peke yake ni 3.6. Kwanta nimesoma kozi moja tu, fizikia ya takwimu sijaisoma kabisa. Je, ile sapu niitaje? Na barua za mapendekezo, mkuu wa shule ninayofundisha anafaa?

Mzani_wa_Yabisi:

3.6 hiyo iweke mbele, mkuu. Pengo la fizikia ya takwimu lizibe kabla ya dirisha kufunguliwa: mgawanyo wa Boltzmann, fangsheni ya ugawaji, takwimu za Fermi na za Bose. Bila Fermi huwezi kuelewa semikondakta, na bila semikondakta hakuna seli ya sola.

Sapu itaje, kwa ufupi, mahali pamoja tu. Kwa mfano: "Sumakuumeme ya mwaka wa pili niliifaulu kwa mtihani wa marudio, baada ya hapo nilipata B+ katika kozi ya mawimbi na optiki, inayotegemea milinganyo ileile." Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, hiyo inatosha. Usieleze ugonjwa, msiba wala mhadhiri. Msomaji anataka kuona kilichofuata.

Barua: kwa kawaida huombwa mbili au tatu. Mkuu wa shule anaweza kuwa wa tatu, akieleza nidhamu na maabara unayoisimamia. Mbili za kwanza zitoke kwa wahadhiri wa fizikia, mmoja akiwa msimamizi wa mradi wako wa mwaka wa mwisho kama ulifanya. Mpe wiki 4, na umpelekee kila kitu pamoja: transkripti, kichwa cha mradi, gredi uliyopata kwake, orodha ya programu na tarehe zake. Mwombe atumie anwani ya barua pepe ya chuo. Barua inayotoka kwenye anwani ya kawaida huzua maswali.

Na kwa kuwa umeajiriwa, anza sasa hivi kuomba ruhusa ya masomo kwa maandishi, kupitia mkuu wa shule hadi kwa mwajiri. Udahili unaweza kutoka wakati ruhusa bado iko mezani kwa mtu.

Neutrino_Huru:

Nidokeze moja ambalo huchelewesha watu miezi: majina. Cheti cha kidato cha nne kikiwa na majina mawili, cha chuo matatu, na pasipoti ikiwa na herufi tofauti, maombi husimama. Linganisha vyote leo, herufi kwa herufi, na kama vinatofautiana nenda kwa wakili ukaandikishe hati ya kiapo. Ukiwa mjini, pita pia idarani kwako uombe maelezo ya kozi zako za fizikia yenye muhuri. Transkripti inaonyesha jina la kozi tu, na kozi yenye jina la jumla kama "Fizikia ya Kisasa" huweza kubeba nusu ya kwanta unayodhaniwa huna.