Tupeane uzoefu: kazi mteja amechukua, pesa hakuna

Mwenye mada (Nyawera, Bukavu): Wandugu, hili neno "pitia kesho" limechosha watu. Wapiga picha, wachoraji wa matangazo, watafsiri, watu wa tovuti: semeni mteja anaponyokea wapi, na mlango ule unafungwaje. Bila avansi ya nusu, usiwashe mashine.

Kamera (Kadutu): Ndoa njo mbaya kuliko zote. Anayekuita ni komite ya kuchanga pesa za ndoa, si bwana harusi. Komite ina rais, ina mtunza pesa, ina kikundi cha WhatsApp. Siku yenyewe wageni wanazidi, pesa ya kamera inahamia kwenye vinywaji. Unaambiwa "piga tu, utalipwa kwenye zawadi". Usiku bahasha zinaondoka na familia. Kesho yake komite imevunjika, kikundi kimefungwa, rais anakutuma kwa mtunza pesa, mtunza pesa anakutuma kwa familia, na bwana harusi anasema: "Mimi mchango wangu nilitoa." Na kweli alitoa! Kwa hiyo mkataba asaini mtu mmoja, kwa jina lake na nambari ya kadi yake ya uchaguzi, si "kwa niaba ya komite". 40% siku ya kushika tarehe, 40% asubuhi ya ndoa kabla ya kuingia kanisani, 20% flashi ya picha ikitoka. Hiyo ya asubuhi ikikosekana, kamera inabaki kwenye begi. Saa tatu asubuhi bado wanaweza kuchangishana. Saa tatu usiku, nani atachanga?

Grafiki (Kamalondo, Lubumbashi): Kabisa, kaka.

Mama Tafsiri (Himbi, Goma): Kamera kwenye begi siku ya ndoa ya watu? Hapana, baba. Siku ile hairudi. Piga, halafu shika flashi.

Kamera (Kadutu): Mama, wageni wote wamepiga na simu zao, picha zimeshazunguka usiku uleule. Baada ya wiki mbili hakuna anayeitafuta flashi yako.

Mama Tafsiri (Himbi, Goma): Basi watumie dakika tatu za ubora wa chini, jina lako likatize katikati ya picha. Ukiliweka pembeni, wanalikata. Mama wa bibi harusi akiziona zile dakika tatu, ataitafuta pesa yeye mwenyewe.

Grafiki (Kamalondo, Lubumbashi): Tuache ndoa kidogo. Huku shida ni kampuni. Kampuni haikatai kulipa, inakulaza kwenye karatasi. Fakitire (karatasi ya kudai malipo) isiyo na nambari za RCCM (daftari la biashara), Id. Nat. (utambulisho wa taifa wa biashara) na NIF (kodi) inabaki kwenye meza ya mhasibu, na hakuna atakayekupigia simu kukuambia. Usianze kazi kwa neno la mkuu wa idara kwenye simu: ngoja bon de commande, yaani karatasi ya kampuni ya kuagiza kazi, na nambari yake uiandike juu ya fakitire. Peleka nakala mbili. Moja inabaki, nyingine urudi nayo ikiwa na kashe (muhuri), tarehe na saini ya aliyepokea. Siku 30 za kulipa zinahesabiwa toka kashe ile. Bila kashe, kila mwezi utaambiwa fakitire haijafika.

Tovuti (Katindo, Goma): Kwa tovuti ni rahisi: jina la tovuti sajili kwa jina lako. Asipolipa, unazima.

Wakili (Ibanda, Bukavu): Ndugu, usifundishe watu hivyo. Jina ambalo mteja amelilipia ni lake. Ukizima, wewe njo unageuka mshitakiwa, na deni lake linasahaulika. Jenga kwenye seva yako, aone kazi yote kwenye anwani ya majaribio, uhamishe akishalipa. Hapo hukuzima kitu cha mtu, hujakabidhi tu.

Tovuti (Katindo, Goma): Na kama jina amelipia, kazi hajalipa?

Wakili (Ibanda, Bukavu): Ndiyo maana kwenye devi (karatasi ya bei unayompa mteja kabla ya kazi) jina na hifadhi ya tovuti vinakaa mstari wao, kazi mstari wake.

Mama Tafsiri (Himbi, Goma): Hapa kwetu, benki zilipofungwa mwisho wa Januari 2025, mteja aliposema "pesa iko benki" ulikosa la kujibu. Devi iseme mapema: M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, dola au franka, na ada ya kutoa ni ya nani. SMS ya malipo usiiamini, ya uongo mara nyingi inatoka kwenye nambari ya mtu. Angalia salio lako kwanza. Na tafsiri itoke theluthi kwa theluthi, ya mwisho pesa ikishaingia.

Mwenye mada (Nyawera, Bukavu): Na deni la zamani? Watu wanakimbilia polisi.

Wakili (Ibanda, Bukavu): Polisi hapana. Deni la mkataba si kosa la jinai. Mkalishe mteja aandike kwa mkono wake kwamba anadaiwa: kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe ya kulipa, saini. Tarehe ikipita, mpelekee barua ya kumdai, asaini kuwa ameipokea. Ukiwa na hizo mbili, sheria za OHADA (sheria za biashara za pamoja za nchi kadhaa za Afrika), ambazo Kongo iliingia 2012, zinakuruhusu kuomba mahakamani amri ya kulipa, bila kesi ndefu. Ila deni likiwa dola 80 tu, wakili atazimaliza zote. Karatasi ile anza nayo kwa wazee wa familia yake.

Grafiki (Kamalondo, Lubumbashi): Kama tuliongea WhatsApp tu?

Wakili (Ibanda, Bukavu): Muulize kwa maandishi, si kwa sauti: "Zile dola 150 za bango utanilipa lini?" Akijibu "mwisho wa mwezi", deni ameshalikubali. Usifute, na ukibadilisha simu hamisha mazungumzo yote.