Rimoti stata kwenye gari yenye funguo ya chipu: kiboksi, moduli ya data au chipu ya kubandika?

Dagaa_Mkavu (mleta mada): Wakuu, habari za jioni. Nataka kufunga rimoti stata, gari iwake kutoka mbali na kiyoyozi kianze kupoza kabla sijaingia. Ukiegesha mjini Mwanza saa saba mchana, usukani haushikiki. Nimetajiwa njia tatu za kuipita immobilaiza (mfumo unaozuia injini kuwaka bila chipu ya funguo): funguo ya pili ndani ya kiboksi, moduli ya data inayozungumza na kompyuta ya gari bila kuhitaji funguo, au chipu inayobandikwa moja kwa moja kwenye swichi ya funguo. Fundi anataka jibu kesho. Nichukue ipi?

Waya_Mwekundu: Mkuu, gari gani? Ya mwaka gani? Otomatiki au manyuo, ya kuzungusha funguo au ya kubonyeza? Funguo unazo ngapi? Na una hakika immobilaiza ipo? Toyota nyingi za zamani kidogo za soko la Japani hazina, hata kama milango inafunguka kwa rimoti. Chomoa funguo, angalia kama kuna taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima. Kisha funga kichwa cha funguo kwa foili ya jikoni, mizunguko mitatu au minne, upige stata. Injini ikiwaka na kuendelea kunguruma, huna cha kupita, hela yako ibaki mfukoni.

Dagaa_Mkavu: Samahani wakuu. Ni Toyota Ist ya 2005, otomatiki, ya kuzungusha, funguo ni moja tu. Taa ipo. Nikiweka foili inawaka kama sekunde moja, inazima.

Jiwe_Bismarck: Bandika chipu, umalize. Chipu inakopiwa kutoka kwenye funguo yako, inagandishwa kwenye ile pete ya koili inayozunguka swichi. Nusu saa kazi imeisha, na ndiyo rahisi kuliko zote.

Koleo_Nyembamba: Hapana, hiyo usimshauri mtu. Kuna Toyota Raum iliyofungwa hivyo. Wiki chache baadaye ikaanza kugoma: asubuhi inawaka, mchana inakataa, jioni inawaka tena. Ikabadilishwa betri, ikabadilishwa pampu ya mafuta, stata ikashushwa na kusafishwa. Tatizo halikuwa huko. Pete ile huamsha chipu kwa sumaku ya umeme, na chipu mbili zikiwa karibu zinajibu kwa pamoja, kompyuta inapokea fujo badala ya namba. Funguo ikikaa pembe moja chipu ya kubandikwa inashinda, ikikaa pembe nyingine zinagongana. Joto la dashi likalegeza gundi, chipu ikateleza, na hapo ndipo ugomvi ukazidi. Mwisho kava la usukani likafunguliwa, kipande kile kikaonekana kinaning'inia. Na hata isingegoma, gari hiyo haikuwa tena na immobilaiza. Mwizi anahitaji bisibisi tu.

Waya_Mwekundu: Naunga mkono. Moduli ya data ni safi, ila nyingi zimeandikiwa magari ya Marekani na Kanada. Usikubali kuambiwa kwamba Ist ni ndugu wa Scion xA (Ist iliyouzwa Marekani) kwa hiyo itakubali tu. Kinacholingana au kutolingana ni kompyuta na aina ya chipu, siyo bodi. Kwako naona kiboksi, na kwanza uchongeshe funguo ya pili na kuisajili kwenye gari. Funguo moja ni hatari hata bila rimoti stata, ikizama ziwani Kirumba utafanyaje?

Ufungaji wa kiboksi: zungusha waya mwembamba raundi 7 hadi 10 kuzunguka pete ya swichi, peleka ncha kwenye koili ya kiboksi kupitia rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Rilei iamshwe na ule waya wa rimoti stata unaotoa hasi wakati injini imewashwa kwa rimoti pekee. Muda mwingine wote chipu ya akiba ilale. Kata ulimi wa funguo ubaki kichwa, ufiche kiboksi juu ndani ya dashi, mbali na chuma kinene, siyo chini ya usukani ambako kila mtu anapapasa.

Mteremko_wa_Isamilo: Mbona mnaongelea chipu tu? Huku kwetu milimani gari zinalala kwenye mteremko. Waya wa stata ukiungwa upande usio sahihi, swichi ya gia (inayozuia stata isipokuwa kwenye P au N) inarukwa na gari inawaka ikiwa kwenye D. Unga upande wa swichi ya funguo, kabla ya swichi ya gia. Ukimaliza, vuta hendibreki, kanyaga breki uweke D, kisha achia breki lakini mguu ubaki juu yake tayari kukanyaga (breki ikikanyagwa rimoti stata inajizima na jaribio halikuambii kitu), mtu mwingine abonyeze rimoti. Stata ikigeuka, kazi irudiwe. Waya wa breki na swichi ya boneti ni lazima, ili mtu akifungua boneti injini isiwake mkononi mwake.

Koleo_Nyembamba: Na soketi za njano za eabegi zisiguswe. Nyaya zipimwe kwa mita ya dijitali, siyo kwa taa ya majaribio, maana taa inavuta umeme mwingi kuliko baadhi ya nyaya zinavyoweza kubeba. Nyaya nene za swichi ziunganishwe kwa risasi na kufungwa tepu ya kitambaa. Vile vibanio vya kubana waya juu ya waya vinalegea, vinachemka, na kila waya wa betri unaoingia kwenye moduli uwe na fyuzi yake.

Jiwe_Bismarck: Sawa, kwenye chipu nimekubali. Ila dakika 10 za kuunguza petroli kila siku ili upoze kiti? Nunua kivuli cha kioo cha mbele.

Mteremko_wa_Isamilo: Kivuli hakipozi hewa, kinapunguza tu. Ila asiwashe ndani ya gereji iliyofungwa, moshi ule unaua bila harufu kali.

Dagaa_Mkavu: Nimeelewa, nitatafuta funguo kwanza. Fundi anasema betri yangu ya NS40 haitoshi, niweke NS60. Ni kweli?

Waya_Mwekundu: Moduli ikilala inavuta kidogo sana. Apime kwanza mvuto wa gari ikiwa imezimwa na milango imefungwa. Ukizidi miliampia 50, shida iko kwingine. Na NS60 upime kama inakaa kwenye trei ya Ist.

Koleo_Nyembamba: Vichwa vya betri (teminali) navyo vina unene tofauti, mwambie akuonyeshe kabla hujalipa.