Ushauri: Kisiwa gani kidogo cha Ugiriki kinamfaa mama asiyeona, Aprili 2027?

BintiPangani:
Wakuu, habari za humu. Naishi Ujerumani, mama yangu yuko Pangani. Presha ya macho imempofusha, sasa anatambua mwanga na giza tu. Aprili mwakani anakuja kwangu, na ameomba nimpeleke kwenye bahari ya huku. Nimewaza visiwa vidogo vya Ugiriki, maana nasikia wakati huo maua yamejaa na watalii bado wachache. Shida ni kwamba kila anayevisifia anasifia kuta nyeupe na machweo. Mama anahitaji pahali pa kunusa, kusikiliza na kushika. Anatembea vizuri akishikwa mkono, ila ngazi zinamchosha. Nguruwe na pombe hatumii. Tuna wiki moja. Nilipanga Santorini, Naxos na Koufonisia.

MkaziWaPiraeus:
Dada, mfikishie mama shikamoo yangu. Visiwa vitatu kwa wiki moja ni kumshindisha bandarini. Aprili meli za kwenda Koufonisia ni chache, upepo ukichafuka hazitoki kabisa, na nyumba nyingi za wageni bado zimefungwa.

Mpeleke Hydra, kama saa mbili kwa boti ya kasi kutoka Piraeus, bandari ya Athens. Magari na pikipiki za watu haziruhusiwi, mizigo hubebwa na punda na nyumbu. Mtu anayeishi kwa masikio atafurahi sana pale: kwato juu ya mawe, kengele za kanisa, wavuvi wakiitana. Chukua chumba chini karibu na bandari, kwa sababu mji umepanda mlima na ngazi hazina idadi. Aonje na amygdalota, vitamu vyao vya lozi.

UdiNaAsumini:
Hydra ni pazuri, lakini hizo ngazi ndizo alizozikataa. Mimi nasema Chios. Si kidogo kama unavyotaka, ila ndege kutoka Athens haifiki saa moja, mama hatahangaika na mawimbi.

Kusini ya mji kuna Kampos, mashamba ya michungwa, milimau na michenza yaliyozungushiwa kuta ndefu za mawe. Aprili michungwa ikichanua, harufu inavuka ukuta na kukufuata njiani. Mtu aliyezoea asumini kwenye nywele hahitaji kuelezwa. Baadhi ya nyumba za zamani humo zinapokea wageni. Lala humo humo, asubuhi mama akae bustanini.

Siku nyingine nendeni vijiji vya mastika, utomvu wa mti unaotafunwa kama ubani. Utomvu huvunwa kiangazi, lakini miti ipo na atashika magome yenye makovu ya kuchanjwa. Atafune mastika yenyewe: mwanzo chungu kidogo, halafu inakuwa laini na harufu ya msonobari inapanda puani. Pale Pyrgi, kimojawapo cha vijiji hivyo, kuta za nyumba zimechorwa kwa kukwangua plasta, michoro myeusi na myeupe. Omba ruhusa kwa mwenye nyumba, apitishe vidole.

Kiboko_Bonn:
Viza ya Schengen atakayopata kwa ajili ya Ujerumani inamfikisha Ugiriki pia, mradi siku zisizidi. Bebeni sweta. Bahari Aprili ni ya baridi, kwa mtu wa Pangani ni kuchovya miguu tu.

BintiPangani:
UdiNaAsumini, umenishawishi. Chakula je?

UdiNaAsumini:
Mmebahatika. Pasaka yao 2027 ni tarehe 2 Mei, kwa hiyo Aprili yote ni Kwaresima. Wanaofunga hawali nyama, maziwa wala samaki wa kawaida, ila pweza na ngisi wanakula, pamoja na dengu na mboga za mwituni kwa mafuta ya zeituni na limau. Uliza tu kama pweza amepikwa na mvinyo, maana wanapenda kufanya hivyo. Wa kuchoma ndiye salama zaidi. Na muondoke kabla ya usiku wa Pasaka. Pale Vrontados, humo humo Chios, waumini wa makanisa mawili wana desturi ya kurushiana fataki kwa maelfu, na ikifanyika, mshindo ule utamtisha asiyeona.

MkaziWaPiraeus:
Nakubali, Chios. Keti naye upande wa kivuli Kampos kuanzia saa tatu asubuhi, jua likishapasha maua.