Grainda ya mkono ya kuchangia Kickstarter, wenye nayo mnaionaje?

Kibosho_Juu

Wakuu habarini. Niko Moshi, buni kwetu ni ya shambani kwa mzee, tunaianika wenyewe na kukaanga kwenye sufuria, kwa hiyo kahawa sio tatizo, tatizo ni kusaga. Kinu cha kutwangia kipo ila kinachosha na haitoki sawa, na blenda ndio basi tena, nusu inakuwa vumbi nusu inabaki chenga kubwa, ukiweka kwenye AeroPress (lile bomba la kuchujia kahawa kwa kusukuma) unakunywa kitu kichungu na kichachu kwa wakati mmoja.

Sasa nimeona grainda moja ya mkono iko Kickstarter, ule mtandao wa kuchangia vitu vipya kabla havijatengenezwa, wanachangisha, vidio imetulia, wanasema ukichangia sasa hivi ni dola 95 ikishaingia sokoni itakuwa 160. Wanaahidi kutuma baada ya miezi nane. Mke wangu anasema natuma hela kwa watu nisiowajua kwa ajili ya kitu ambacho hakijatengenezwa, na kusema kweli sina jibu la kumpa.

Walioagiza hizi vitu naomba uzoefu. Zinafika kweli? Zikifika zinadumu? Na je inaweza kusaga laini ya kuchemsha maana mzee hanywi kahawa ya kuchuja, anaita maji ya kuoshea sufuria 😂

msagaji_ilala

Mkuu mkeo ana akili, msikilize kwanza halafu ndio usome hapa.

Nilichangia moja miaka ya nyuma, kampuni siitaji maana mwisho wa siku walituma. Cha kwanza elewa Kickstarter sio duka. Wale wanaweka lengo la hela, lisipofikiwa kadi yako haikatwi kitu, likifikiwa siku ya kufunga unakatwa, Kickstarter wanachukua asilimia 5 yao na za mabenki pembeni, zinazobaki ndio jamaa anaenda nazo kiwandani. Ukishakatwa hapo umemsaidia mtu kutengeneza kitu, Kickstarter wenyewe hawakuhakikishii kwamba kitafika. Jamaa akikwama unabaki kusoma barua zake tu.

Na barua zitakuja. Yangu ilichelewa zaidi ya mwaka toka tarehe waliyoahidi. Mara kalibu ya plastiki imetoka na kasoro, mara shafti inacheza wameamua kubadilisha muundo, mara kiwanda kimefunga kwa mwaka mpya wa Kichina. Wachangiaji wengine walikuwa wanatukana kule kwenye maoni mpaka aibu, ila mimi ile ya shafti niliwaelewa kabisa, na ningekasirika zaidi kama wangetuma vile vile.

Maana grainda ya mkono roho yake ni shafti. Jino la ndani linazunguka, la nje limetulia, kahawa inapita katikati. Shafti ikishikiliwa juu tu huku chini inaning'inia, jino linayumba, upande mmoja nafasi inakuwa pana mwingine nyembamba, ndio unapata chenga na vumbi kwa pamoja yaani umerudi kwenye blenda yako. Kibaya ni kwamba ukisaga laini huioni hiyo shida sana kwa kuwa meno yako karibu, ukifungua kwa ajili ya chenga kubwa ndio inajitokeza. Kwa hiyo kwenye vidio yao usiangalie mbao nzuri na yule dada anayetabasamu, tafuta picha ya ndani, hesabu beringi. Ziwe mbili, moja juu moja karibu na meno. Wasipoonyesha ndani, achana nao.

Nyerere_Rd

Mimi naona mnajitesa. Dola 95 weka nauli ya mzigo weka ushuru weka VAT asilimia 18, tayari umefika kwenye bei ya grainda ambayo ipo, imeshapimwa na watu, na unaipata ndani ya wiki chache. Timemore C2 ya Mchina ina meno ya chuma milimita 38 na bei yake iko chini ya hiyo, ukiwa na hela zaidi 1Zpresso za Taiwan, ukiwa na hela za kuchezea Comandante ya Mjerumani. Sababu ya kumkopesha mzungu hela zako bila riba miezi nane ni ipi?

Kibosho_Juu

Nyerere_Rd sababu ni kwamba hii ina mkono pembeni. Hizi za kawaida mkono uko juu, mzee ana tatizo la bega hawezi kushika chupa hewani na kuzungusha. Hii unaiweka mezani unazungusha kama cherehani ya mkono. Ndio iliyonivuta.

dada_wa_Minnesota

Kibosho marahaba ya mzee nimeipokea hata kabla hujamfikishia shikamoo yangu 😄

Hiyo ya mkono pembeni sio mpya, usidanganywe na vidio kwamba wao ndio wa kwanza. Handground walichangisha Kickstarter mwaka 2015 wakapata zaidi ya dola laki tatu, mkono pembeni hivyo hivyo, meno ya seramiki milimita 40, na juu ina duara lenye namba 1 mpaka 8 za kuchagua ukubwa. Ninayo mpaka leo hapa jikoni, naizungusha asubuhi watoto wakijiandaa shule. Kwa mtu wa bega kweli inasaidia kwa sababu mkono mmoja unakandamiza chini mwingine unazungusha, kwapa halinyanyuki. Zile namba pia zina raha yake, mume wangu anajua yeye ni 3 mimi ni 5, hatugombani. Grainda nyingi za bei ndogo unapindua nati chini ya meno unahesabu mibofyo, ukifungua kusafisha unaanza upya.

Na sio vijana wa gereji tu wanaochangisha. Fiorenzato wa Italia, watu wa mashine za kahawa toka 1936, nao waliipitisha Pietro yao Kickstarter mwaka 2022, ya mkono, ila meno bapa ya milimita 58 yamesimama wima. Bei yake sasa ni ya kutisha. Ninachosema, angalia nani anachangisha, kampuni yenye kiwanda chake ukichangia ni kama unaagiza mapema tu, ila mtu mwenye mchoro na sampuli moja ya mkononi hapo unacheza bahati nasibu.

Meno ya hiyo yako ni chuma au seramiki? Hujasema.

Kibosho_Juu

Seramiki dada. Wanasema haishiki kutu na haichoki.

msagaji_ilala

Hapo sasa. Wanasema kweli, haishiki kutu. Ila hawajawahi kuona buni iliyoanikwa uani Kibosho.

Seramiki ngumu lakini inavunjika, na adui yake ni jiwe. Kahawa za dukani huko kwao zimepita kwenye mashine za kutoa mawe, zako zimepita kwenye turubai na kuku. Kijiwe kidogo tu cha ukubwa wa punje kikiingia katikati huku unazungusha kwa nguvu, ncha ya jino inamegeka, na iliyomegeka haitengenezwi, unabadilisha jino zima. Langu lilimegeka hivyo, kahawa nilipewa zawadi kutoka Mbinga, tamu balaa, ina kokoto. Nikawaandikia wale jamaa kuomba jino, wakanijibu vizuri tu kwamba spea zimeisha na hawajui lini watatengeneza tena. Hilo ndio swali la kuwauliza kabla ya kutoa hata senti: meno mnauza peke yake? Bei gani? Mnatuma Tanzania?

Chuma nacho kijiwe kinakiumiza ila mara nyingi kinatoka na mkwaruzo, kazi inaendelea.

Mwembe_Tayari

Salaam kutoka Mombasa. Mie nije kwenye lile swali la mzee maana mmelipita.

Hii kahawa yetu chungu ya kijiweni, ya dele (lile birika la kahawa) na tangawizi, yataka unga laini kabisa, ukiusugua kwa vidole usihisi chembe. Grainda nyingi za mkono za bei ya kati hazifiki huko, ama zafika lakini wazungusha mpaka jasho. Nilipata moja ya hizo za kuchangia kutoka kwa shemeji yangu alokuwa Dubai, kwa kahawa ya kuchuja ni nzuri, sina neno. Nilipoikaza nipate unga wa dele, meno yakaanza kugusana, wasikia kabisa yanalia, na kahawa haishuki. Nikirudisha kidogo yashuka lakini ni chenga, ukichemsha yaelea. Wale waliandika kwenye boksi kwamba yasaga kila aina mpaka ya Kituruki. Neno Kituruki kwenye boksi siliamini tena.

Na kahawa iliyokaangwa nyeusi sana mafuta yatoka juu ya punje, yagandisha unga ndani, ni lazima upige brashi kila siku mbili tatu. Kahawa isiyoiva sana nayo ni ngumu, hapo bega la mzee litalalamika hata mkono uwe pembeni.

Ushauri wangu, mzee muachie kinu chake. Kutwanga na kuchekecha kwa chekecheo la unga hakuna grainda ya dola 95 itakayomshinda.

Nyerere_Rd

Kwa hiyo mzee ambaye ndio sababu ya mkono pembeni hata hahitaji grainda 😂😂 tumalize hapa

Kibosho_Juu

Cheka tu. Ila nimewaandikia jamaa usiku huu. Beringi ni mbili, wamenitumia na mchoro, hapo nimeridhika. Meno wanasema "tunafikiria kuyauza baadaye". Mchango niliokuwa nimeahidi nimeuondoa, kampeni haijafungwa kwa hiyo sijakatwa kitu. Natafuta ya chuma. Buni kabla ya kukaanga tutachambua punje kwa punje.

Kuna aliyewahi kutumia mchele kusafishia meno? Naona vidio wanasema.

dada_wa_Minnesota

Usithubutu mchele mbichi, ni mgumu kuliko kahawa na unaacha vumbi la wanga ndani. Brashi ya rangi ndogo mpya inatosha, na ya chuma usiioshe kwa maji. Unga ukinatanata kwenye kuta kwa umeme tuli, chovya mpini wa kijiko kwenye maji, kung'uta, koroga nao punje kabla ya kusaga. Tone moja tu, sio kuosha.

Mwembe_Tayari

Kibosho_Juu hiyo kahawa ya mzee yauzwa? Kilo mbili tatu, mbichi isokaangwa. Mawe mie nitachambua mwenyewe.

Kibosho_Juu

Ipo mkuu, njoo PM. Basi la Mombasa linapita Moshi asubuhi.