PS4 Slim tatu au PS5 moja? Chumba cha gemu Kondele

KondelePedi (Kisumu)

Habari zenu wadau. Nina chumba Kondele, futi kumi kwa kumi na mbili, chenye mita yake ya tokeni. Nataka kuweka gemu za kulipia: FC (ile ya mpira wa miguu ya kampuni ya EA) kwa wingi, NBA ya kikapu na GTA kidogo. Bajeti ya mashine za PlayStation na pedi za kushika mkononi ni shilingi 90,000. TV na viti viko kando. PS4 Slim ya mtumba naambiwa 23,000 na pedi moja, PS5 Slim ya CD 75,000.

Kinachonitatiza ni habari za huko nje. GTA VI imepangwa kutoka 19 Novemba 2026 na haitakuja PS4. Sony walitangaza kwamba kuanzia Januari 2026 gemu za PS4 si sehemu kuu tena ya zile wanazotoa kila mwezi kwenye PS Plus, huduma yao ya kulipia. EA nao walikubali kununuliwa kwa dola bilioni 55 na mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia pamoja na wenzake. Nikichukua PS4 sasa, si nitakuwa nimebeba mzigo wa watu? Na stima ya huku mnaijua, ikienda hurudi kwa kishindo. Nisaidieni pia cha kukagua kabla sijatoa pesa.

mechi_ishirini (Nakuru)

Habari ziache kwanza, hesabu mechi. FC ukiiweka dakika 4 kila kipindi, ambazo ndizo chache kabisa inazokubali, mechi nzima hula kama dakika 11 pamoja na kuchagua timu, marudio ya magoli na ubishi wa fomesheni. Ni mechi tano kwa saa. Ukitoza 20, na aliyefungwa ndiye alipe ili mgongano uwe wao si wako, skrini iliyojaa inaleta 100 kwa saa. PS5 haifupishi mechi hata kwa sekunde, kwa hiyo nayo ni tano kwa saa. Skrini tatu za PS4 ni 300. Ili PS5 moja ifike hapo utoze 60 kwa mechi, na hapo Kondele watakucheka.

Kwenye stima, Slim ikicheza hula wati 80 hadi 90, TV ya inchi 32 kama 40. PS5 hukaribia 200, na TV ya inchi 43 kama 70. Kwa saa kumi kituo cha PS4 ni yuniti 1.3, cha PS5 ni 2.7. Yaani PS4 tatu ni yuniti 3.9. Tuseme yuniti inakuangukia 28: ni shilingi 109 kwa siku dhidi ya 76. Tofauti hiyo unailipa kwa mechi mbili.

Sasa hizo habari. PS Plus ni ya kucheza mtandaoni. Watu wawili wanaoshika pedi kwenye mashine moja hawaihitaji kabisa, kwa hiyo hiyo haikugusi. EA kuuzwa hakuifanyi CD uliyo nayo ikatae kusoma. FC 24, 25 na 26 zote zina toleo la PS4. Limenyimwa ule mfumo wa miondoko wa HyperMotionV, na anayetoka PS5 ataona wachezaji wanageuka kizamani kidogo, lakini mpira ni mpira. Inayokugusa ni GTA VI peke yake. Hiyo ikitoka, ndipo uongeze PS5 kwa pesa iliyotoka kwenye zile tatu.

Usivutwe na PS4 Pro, ile PS4 yenye nguvu zaidi. Inafika wati 150, feni yake inavuma, na kwa TV ya 1080p mteja haoni alicholipia.

FundiLurambi (Kakamega)

Nakubaliana na Slim. Ndugu, ukienda kukagua beba CD ya gemu, waya wako wa HDMI, na simu yenye bando.

Soma modeli chini ya mashine: Slim ni CUH-20, 21 au 22, na za 22 ndizo za mwisho. Vibandiko vinavyofunika skrubu za nyuma vikiwa vimetobolewa, uliza ilifunguliwa kwa nini na bei ishuke. Kisha icheze nusu saa kamili. Muuzaji atataka uridhike kwa dakika tano, na pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa hujionyesha baada ya robo saa: feni inapanda, inavuma, halafu onyo la joto na kuzima. Hiyo inatengenezeka kwa bisibisi ya Torx T8 yenye tundu katikati, brashi na pesti mpya, kwa hiyo usiikimbie, ipunguzie bei. Toa CD na kuirudisha mara kadhaa. Ikivuta kwa kusita, raba za kuvutia zimechakaa. Tikisa waya wa HDMI taratibu: picha ikikatika, tundu limelegea kwenye bodi. Mwanga mweupe bila picha yoyote ni mbaya zaidi, mara nyingi ni chipu ya HDMI imeungua, na hiyo mwachie. Unganisha pedi bila waya, jaribu matundu yote mawili ya USB, halafu ingia PSN, mtandao wa PlayStation, kwa hotspot ya simu. Mashine iliyofungiwa na Sony haitaingia hata kwa akaunti mpya. Zile zilizovunjwa ili zicheze gemu za kunakili nazo ziache: ukiiapdeti hali hiyo inapotea, ukiingia nayo mtandaoni unajitafutia kufungiwa.

Stima ndiyo itakayokula faida yako usipoiwekea mpango. Slim hutumia ule waya wa redio wenye nyuzi mbili, hauna wa ardhini. Umeme unaovuja kwenye TV au king'amuzi hutafuta njia kupitia HDMI, na chipu niliyoitaja ndiyo hufa kwanza. Fundi wa stima apime kama tundu la tatu la soketi limefika ardhini kweli. Kuwepo kwa tundu si ushahidi. TV za gemu zisiunganishwe king'amuzi wala antena. Kila kituo kiwe na kifaa cha kulinda TV, mfano vile vya Sollatek, kinachokata umeme ukipanda au kushuka na kusubiri kidogo kabla ya kuurudisha. Ile ekstensheni yenye taa nyekundu ni ekstensheni tu.

UPS (kifaa cha betri kinachoshika stima ikikatika) ya 650VA huwa na betri ya 12V 7Ah. Kwa Slim na TV ndogo inakupa dakika 15 hivi, mechi inaisha na mashine inazimwa vizuri. Kuzimika ghafla wakati inaandika ndiko huharibu diski ya ndani. Ukiona kosa la CE-34878-0 likijirudia kwenye gemu moja, data ya gemu hiyo imeharibika: ifute uiweke upya. Likianza kutokea kwenye gemu zote, shuku diski. Zima kabisa, shikilia kitufe cha kuwasha hadi mlio wa pili (kama sekunde 7), unganisha pedi kwa waya, kwenye menyu inayotokea chagua namba 5 ijenge upya orodha yake. Isiposaidia, weka SSD ya inchi 2.5. Kifuniko kidogo cha pembeni nyuma kinavutwa, skrubu moja, trei inatoka. Flashi ya kuwekea mfumo upya iwe ya muundo wa FAT32, ndani folda PS4, ndani yake UPDATE, na faili PS4UPDATE.PUP, kisha namba 7. Wengi hukwama hapa kwa sababu wamepakua faili dogo la apdeti; diski tupu inataka lile kubwa la kuweka mfumo wote, linalozidi GB 1.

Wingu likinguruma upande wa Nandi, chomoa plagi na HDMI. Swichi ya ukutani haizuii radi. Na usiuze mandazi ndani ya chumba hicho: mende hupenda joto la pawa (sehemu ya umeme) ya PS4, huingia kwa matundu ya nyuma, na akifia mahali pabaya mashine inakufa naye.

KondelePedi

Asante sana, hasa hiyo ya waya wa redio. CD moja ya FC itatosha mashine tatu? Na pedi, naona kila mahali analogi (vile vijiti vya kusukuma kwa dole gumba) zinajisukuma zenyewe.

analogi_safi (Kisumu)

CD lazima ibaki ndani ya mashine inayocheza, kwa hiyo tatu. Gemu iliyonunuliwa dukani mwa PSN hufungua mashine mbili: ile uliyoifanya kuu kwa akaunti hiyo, kila mtumiaji wake anacheza, na nyingine ambayo akaunti yenyewe imeingia, ila hiyo inataka intaneti. Masharti ya Sony yanasema ni ya matumizi binafsi si ya biashara, lijue hilo. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi za PSN, ndiyo maana watu hufungua akaunti za Marekani au Uingereza. Shika nchi moja kwa mashine zote, maana kadi ya dola haiingii akaunti ya Uingereza. Mimi ningechukua CD. Ukichoka nayo unaiuza.

Bando usiliunguze mara tatu. Chukua diski ya nje ya USB 3.0, isipungue GB 250, iandae kama hifadhi ya ziada. Pakua apdeti kwenye mashine moja, hamishia gemu kwenye diski hiyo, chomeka ya pili, hamishia ndani, weka CD. Kabla ya kuchomoa iambie mashine iache kuitumia, la sivyo itaanza kuikarabati kila ukiichomeka. Acha nafasi: PS4 hunakili gemu wakati wa kuapdeti, kwa hiyo hutaka nafasi inayokaribia ukubwa wa gemu yenyewe. Diski ya GB 500 hukuachia kama 408 tu.

Pedi sasa. Chini ya kila analogi kuna potenshiomita mbili, moja ya kulia na kushoto, moja ya juu na chini. Ndani kuna utepe wa kaboni unaosuguliwa; ukilika, pedi inatuma mwendo bila kidole. Fungua skrubu nne za nyuma, achanisha, chomoa betri kabla ya chochote, dondoshea pombe ya isopropili pembeni mwa potenshiomita, zungusha analogi, acha ikauke. Kama ni vumbi, imepona. Ikirudi baada ya siku chache, kaboni imeisha na ni kubadilisha moduli nzima: nukta 14 za lehemu. Usiivute kabla lehemu yote haijatoka, utang'oa njia za bodi. Zipo moduli za sumaku ambazo hazisuguani, ila zinataka kurekebishwa katikati zikishawekwa, na fundi asiyejua hilo atakurudishia pedi mbovu kuliko mwanzo.

Vitufe visivyoitika ni ile filamu nyembamba ya ndani. Soma namba ya bodi ya pedi kabla ya kuagiza: JDM-001, 011, 030, 040 na 055 hazitumii filamu moja. Nunua kofia za raba za analogi siku ya kwanza. Chaji kwa waya mfupi uliofungwa mezani, kwa sababu tundu la micro USB hulegea kwa kuvutwa na mteja aliyefungwa tatu bila.

Section58 (Nakuru)

Naona wote mmekubaliana haraka mno. Kisumu kuna vijana wa gemu za mapigano pia, na Tekken 8 na Mortal Kombat 1 hazipo PS4. Slim mbili ni 46,000. Baki na 44,000, fungua, ongezea PS5 kabla ya Novemba, usingoje GTA VI itoke ndipo ukimbilie dukani na kila mtu. Bei za PS5 zimekuwa zikipanda, Marekani iliongezwa dola 50 Agosti 2025, na mitumba hufuata.

mechi_ishirini

Ya tatu inajilipa yenyewe ndani ya miezi hiyo, omera. Lakini tarehe nakuunga mkono. Akiichukua awe mwangalifu na kitu kimoja: PS5 Slim ya mtumba ambayo sehemu ya CD imenunuliwa kando. Sehemu hiyo lazima iunganishwe na mashine kwa intaneti mara ya kwanza, hivyo aione ikisoma CD pale pale. Na asimruhusu fundi wa pesti kuifungua. Ndani kuna metali ya kimiminika, na inapitisha umeme ikimwagika kwenye bodi.