Mitetea wangu wameacha kutaga baridi hii, na mwaka jana walitaga vizuri. Nakosea wapi?

Baba Mitetea (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za leo. Naishi Minnesota, Marekani, na nyuma ya nyumba nina banda la mitetea minane, bila jogoo. Niliwachukua wakiwa vifaranga Aprili mwaka jana. Walianza kutaga mwezi wa tisa, na baridi yote ile ya kwanza nilikuwa naokota mayai manne, matano kwa siku. Kiangazi yakafika sita, saba. Katikati ya Oktoba yakaanza kupungua, na sasa ni Desemba, wiki nzima nimepata yai moja. Kuna wiki manyoya yalitapakaa bandani mpaka nikadhani kuna mnyama ameingia usiku.

Asubuhi nawapa chakula cha mfuko cha kuku wa mayai. Baridi ilipokaza nikaongeza mahindi ya kuparaza, kopo zima asubuhi na jingine jioni, maana bibi yangu Iringa alikuwa akisema mahindi yanatia mwili joto. Mahindi wanamaliza, cha mfuko kinabaki. Maji nawawekea kabla ya kwenda kazini, nikirudi nakuta barafu.

Mke wangu anasema wamezeeka, tuwachinje. Rafiki kanishauri nifunge taa ya joto. Kuwachinja roho inaniuma, watoto wamewapa majina wote. Naombeni ushauri.

Mfugaji wa Njombe

Pole sana mkuu. Huku kwetu mwezi wa sita na wa saba unaamka unakuta sakitu kwenye majani, na kuku bado wanataga. Tofauti yetu ni mchana. Njombe mchana mfupi kuliko yote wa mwaka una masaa 11 na nusu hivi. Huko kwako Desemba jua linatoka saa mbili kasorobo asubuhi na saa kumi na nusu jioni limeshazama, hata masaa 9 hayatimii. Mwanga unapenya fuvu la kuku hadi kwenye ubongo, na huko ndiko amri ya kutaga inakotoka. Ili atage sawasawa anataka masaa 14 hadi 16 ya mwanga kwa siku. Baridi yenyewe, akiwa mkavu na ameshiba, anaivumilia.

Baba Mitetea

Asante mkuu. Lakini mwaka jana mchana ulikuwa mfupi vilevile na walitaga. Hapo ndipo ninapochanganyikiwa.

Mama wa Layazi

Shemeji, jibu ni yale manyoya uliyoyakuta bandani. Kuku aliyeanza kutaga mwezi wa tisa kwa kawaida anaivuka baridi ya kwanza bila kubadili manyoya, kwa hiyo anaendelea kutaga. Mwaka wa pili, siku zikifupika, ananyonyoka na kuota mapya, kazi ya miezi miwili, mitatu. Unyoya zaidi ya asilimia 80 ni protini. Mwili unaoota koti jipya hauna cha kupeleka kwenye yai. Miezi 20 si uzee, mwambie wifi yangu aweke kisu chini kwanza.

Sasa chakula, maana hapa ndipo unapowaumiza bila kujua. Mtetea anakula gramu 120 hivi kwa siku, baridi zaidi kidogo. Chakula cha mfuko kina protini asilimia 16, mahindi ni 8 au 9 tu. Wakila nusu kwa nusu unawashusha hadi 12, na hiyo ni wakati wanapohitaji nyingi kuliko siku zote. Kalsiamu nayo mahindi karibu hayana, na ganda la yai moja linataka gramu 2.

Bibi yako hakukosea. Punje iliyojaa kwenye gole, kile kifuko cha chakula shingoni, usiku inasagika polepole na kuku anapata joto hadi asubuhi. Ila kuku wake walishinda wakiparura panzi na kumbikumbi, protini waliitafuta wenyewe. Wako wamefungiwa kwenye theluji. Kwa hiyo futa kopo la asubuhi kabisa. Jioni rusha konzi mbili za mahindi kwa wote wanane, kabla hawajapanda kichanja. Mpaka manyoya yakamilike, tafuta chakula cha protini 18 hadi 20, na maganda ya chaza weka pembeni kwenye chombo chake, kila mmoja ale anachohitaji. Kama duka la Kiafrika lipo karibu, dagaa wachache wakavu watawafaa sana.

Msafiri Kaskazini

Niko Sweden, nafuga sita. Mkuu, usifunge taa ya joto, nakuomba. Maranda makavu, vumbi, kuku anaruka, taa inaanguka, banda linawaka usiku mmelala. Kinachogandisha upanga wa kuku kwa barafu ni unyevu. Acha matundu ya hewa juu karibu na paa, upepo usiwapige wakiwa kichanjani, maranda yawe mazito na makavu. Asubuhi ukisikia mkojo unachoma pua, hewa haitoshi.

Na maji! Robo tatu ya yai ni maji. Nunua ile sahani ya umeme ya kuweka chini ya chombo, au badilisha maji ya vuguvugu asubuhi na ukirudi.

Mfugaji wa Njombe

Taa ya kawaida ndogo, yenye saa ya kujiwasha, hiyo inafaa. Iwake alfajiri na isiwe jioni, maana ikizima ghafla usiku itawaacha sakafuni gizani. Ongeza nusu saa kila wiki. Kutimiza masaa 14 itabidi iwake saa nane na nusu usiku.

Mama wa Layazi

Mimi hapo sikubaliani, si kwa sasa. Ukimsukuma kwa taa akiwa nusu uchi unamnyima mapumziko. Subiri koti lijae.

Baba Mitetea

Wakuu, narudi baada ya wiki tatu. Mayai bado, ila chakula cha mfuko sasa kinaisha na maji hayagandi tena. Shingoni wametoka vijiti vya manyoya mapya, wawili wameshajaa kabisa na upanga umeanza kuwa mwekundu. Taa nimenunua, iko kabatini, nitaifunga wote wakishavaa. Wifi yenu amekubali tungoje hadi Machi.