Nimesimamishwa timu miezi mitano, uchunguzi hauishi. Nifanyeje?

Mita800
Wakuu, habari zenu. Naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kunihukumu.

Niko mwaka wa tatu, nakimbia mita 800 kwenye timu ya chuo. Miezi mitano iliyopita kulizuka ugomvi bwenini, mwenzetu mmoja akaumia mdomo. Mimi niliingia kuamulia. Siku tatu baadaye nikapewa barua: nimesimamishwa shughuli zote za timu "kupisha uchunguzi". Haisemi kosa gani wala kifungu gani. Nimehojiwa mara moja, dakika 20. Kila nikiuliza naambiwa subiri. Msimu umeisha hivyo, na ufadhili wangu, unaotegemea kushindana, unapitiwa upya mwezi ujao.

Kinachoniuma zaidi, aliyesaini barua ile ndiye mwenyekiti wa kamati itakayonisikiliza. Nikidai haki nitaonekana mkaidi?

KijitiChaNne
Pole sana ndugu. Usinyamaze, ila usidai kwa mdomo. Andika. Uliza umetuhumiwa kosa gani, utasikilizwa lini, na kwa nini bado umesimamishwa. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Kusimamishwa kupisha uchunguzi si adhabu, ni kuzuia madhara: labda kumlinda aliyeumia, labda mashahidi wasitiwe hofu. Kama mashahidi wote wameshahojiwa na aliyeumia hayumo kwenye timu, sababu iliyobaki ni ipi? Waieleze kwa maandishi. Mwanafunzi mwingine akicheleweshewa kesi anaendelea na masomo yake. Mwanamichezo anapoteza msimu, na msimu hauna mtihani wa marudio.

Wakili_Mstaafu
Naongeza upande wa sheria. Mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Goss na Lopez, ilisema hata mwanafunzi wa sekondari ya umma anayesimamishwa siku 10 au pungufu lazima aelezwe tuhuma na apewe nafasi ya kujieleza. Siku 10 tu! Uingereza kuna chombo huru cha kusikiliza malalamiko ya wanafunzi dhidi ya vyuo, na mwongozo wake unataka taratibu za ndani, rufaa ikiwemo, kwa kawaida ziishe ndani ya siku 90. Hizo ni za huko, hazikifungi chuo chako. Tafuta kanuni za nidhamu za chuo chenu, mara nyingi muda umeandikwa humo na hakuna anayeusoma.

Kuhusu mwenyekiti: mtu hawi hakimu katika shauri lake mwenyewe. Mwombe kwa heshima apishe, na uombe SASA. Ukikaa kimya hadi ushindwe ndipo ulalamike, watasema ulimkubali.

Nyota_ya_Jioni
Mimi nilikuwa upande wa pili, nilipigwa na mchezaji tegemeo wa timu. Kesi ilivutwa hadi msimu ukaisha, akacheza mechi zote huku mimi nikibadilisha njia ya kwenda darasani. Kwa hiyo mleta uzi, kwenye barua yako usiandike kana kwamba aliyeumia ndiye anayekuchelewesha. Huenda naye anasubiri kama wewe. Na tafadhali usimtafute, hata kwa ujumbe wa pole. Utahesabiwa kuwa unamtisha.

Mita800
Dada, asante, hilo sikuwa nimeliwaza kabisa. Nilitaka kweli kumwandikia.

Je, msimu uliopotea naweza kuudai?

KijitiChaNne
Omba. Mwaka 2006 chuo cha Duke, Marekani, kilifuta msimu wa timu yake ya lakrosi kwa tuhuma nzito dhidi ya wachezaji. Aprili 2007 mwanasheria mkuu wa jimbo akatangaza kuwa watatu walioshtakiwa hawana hatia, na mwezi uliofuata shirikisho la michezo ya vyuo likawaruhusu wachezaji wa timu ile mwaka mmoja zaidi wa kushindana. Ila ufadhili usiusubirishe. Andika barua ya pili kwa wanaoupitia, waahirishe uamuzi hadi kesi iishe.

Mita800
Nimeandika zote mbili usiku huu. Kocha nimpe nakala?

Wakili_Mstaafu
Mpe. Na nakala yako igongwe mhuri wa mapokezi wenye tarehe kabla hujaondoka pale ofisini.